Bingwa wa Utando

"Utando wa seli umeushughulikia muda gani?" Mkuu aliuliza kabla Daktari hajakaa vizuri kitini.

"Miaka kumi na zaidi, mzee. Wala sijawahi kuugusa kwa mkono. Mimi ni mtu wa kompyuta, nakokotoa tu."

Mkuu alimgeukia msaidizi wake, mama mwenye miwani. "Bila kugusa!"

Daktari alijisogeza ukingoni mwa kiti. Kazi hii aliitaka kufa na kupona. Tangu apate shahada ya tatu alikuwa akiishi kwa mama mkwe, na siku hizi mama mkwe alikuwa akiitikia salamu zake kwa kuguna. Alipoona tangazo la mtaalamu wa utando wa seli, aliruka nusura avunje kitanda cha watu. Hata walipompekua getini na kumnyang'anya simu, alifurahi. Hawa, alijiambia, wanajua kulinda utafiti wao.

"Lakini hasa hasa," alisema, "mimi ni mtu wa vipokezi. Hivi vinakaa pale mlangoni mwa seli. Ujumbe ukija kutoka nje, vyenyewe ndivyo vinavyoupitisha ndani."

Mkuu aliweka kalamu chini. "Tulikuwa tunashuku."

"Si jambo la kushuku, mzee. Limeshathibitishwa zamani."

"Na sigara?" mama aliuliza kwa sauti ya chini.

"Nikotini? Ina kipokezi chake maalumu."

"Bangi je?"

"Nayo ina chake. Tena hivyo ndivyo vilivyojaa kweli kweli." Daktari alikuwa amepamba moto, maswali mazuri namna hii hakuwahi kuulizwa popote. "Hicho cha bangi nimekifuatilia miaka, mama. Hata umbo lake naweza kuwachorea."

"Nilisema mimi!" Mkuu alipiga meza hadi chai ikamwagika. "Nilisema, mkaniona mzushi. Mwanangu, ulikuwa wapi siku zote?"

Daktari nusura alie. Mkewe mwenyewe, mtu anayempenda, husinzia akifika tu kwenye neno "protini".

"Unaweza kuanza lini?"

"Hata sasa hivi, mzee."

Mkuu alimkumbatia, akatoka, akarudi amebeba ngazi na ufagio wa mpini mrefu. Akafunga mlango kwa mgongo.

"Mbele za watu fanya kazi ya tangazo, uondoe utando wa buibui kwenye seli basi," mkuu wa gereza alinong'ona, "lakini jicho lako lisibanduke kwa hao vipokezi, askari wangu wa mlangoni wanaowapitishia wafungwa bangi."

Daktari aliupokea ule ufagio, kisha akauliza ngazi atashikiwa na nani.