Hina ya Shangazi

Kila mwaka, jioni ya mwisho ya mfungo, Tatu alifika kwa kaka yake na magauni mapya ya Idi ya mabinti watatu wa nyumba ile. Mwaka huu mkono haukufika dukani. Alikuja na bakuli la hina aliyoichuma uani kwake, na roho juu juu.

"Shangazi, magauni yako wapi?" aliuliza mdogo wao.

"Mwaka huu navisha mikono. Kaeni hapa."

Aliwachora maua hadi viwikoni, huku akiwasimulia jinsi baba yao, alipofunga mara ya kwanza, alivyokutwa saa sita mchana kichwa kimo ndani ya mtungi. Vicheko vikamtoa wifi yake jikoni. Alikuja kuwanyamazisha, akaishia kunyoosha mikono naye. Mwishowe mdogo akadai zamu, akamchora Tatu maua yanayofanana na nyayo za kuku.

Hapo adhana ya magharibi ikalia. Wanawake wakatazamana. Mikono kumi, yote mibichi, na tende zimo kwenye sahani!

"Kaka Shehe!" Tatu aliita. "Njoo utufuturishe!"

Shehe, ambaye hata vijiko hakujua vinakaa wapi, alisimama na sahani mbele ya midomo mitano iliyo wazi.

"Nianze na nani?"

"Mimi!" walipiga kelele wote.

Aliokota tende moja, akaitoa kokwa taratibu, kama alivyokuwa akimfanyia dada yake zamani, walipokuwa watoto, akainama kwa Tatu.