Kadi ya Chemchemi

Kwenye klabu ya wacheza kadi walimwita Mizani. Kadi aliyoikataa yeye, hakuna aliyethubutu kuicheza.

Leo maji yalikuwa yamemfika shingoni. Msichana aliyeketi mbele yake alifungua mchezo kwa Chemchemi, kadi inayokupotezea zamu ya kwanza, kisha kila zamu inayofuata inakuongezea nguvu mbili juu ya ile moja ya kawaida. Mizani alicheka. Kufikia zamu ya nne, msichana alikuwa na nguvu tisa, yeye nne.

Ndipo akaitazama vizuri ile kadi. Ilikuwa imechanwa katikati, ikaungwa kwa selotepu.

Mizani alimjua aliyeichana. Ni mdogo wake, tumbo moja, aliyemletea kadi hiyo mbio mbio, huku anahema kwa furaha. Mizani, bila hata kumaliza kuisoma, akamwambia mbele za watu, "Takataka. Inakula zamu bure."

Mdogo wake akaichana papo hapo, na tangu siku hiyo hakukanyaga tena klabuni, wala nyumbani kwake.

"Umeipata wapi?" Mizani akauliza.

"Kuna kaka mmoja alinipa alipoacha kucheza." Msichana alipanga kadi zake taratibu. "Aliniomba kitu kimoja tu: nisikuonyeshe kabla sijaicheza."