Watafiti wa Zizi la Zamani

Mtu wa tatu alikuja kung'oa singa za punda.

Lengai alimkuta nyuma ya boma, amepiga magoti kwenye samadi, anachomoa singa moja moja mkiani na kuzitia kwenye bahasha ndogo. Ngoyai, mama yake Lengai, alikuwa amemshika punda masikio ili atulie. Mgeni alijitambulisha kuwa ni Tluway, mtafiti wa chuo kikuu, akatoa kibali chenye mihuri miwili. Alisema anachunguza vizazi vya punda: walitoka wapi, na wamekaa hapa tangu lini.

Lengai alimrudishia kibali. Miezi miwili kabla alikuwa amekuja Josephati, wa udongo, akazamisha bomba la chuma kwenye zizi la zamani la babu na kuchukua udongo wa kila shubiri hadi chini kabisa. Baada yake akaja Dakta Laurencia, mwanamama mpole, akarekodi nyimbo za kubembelezea watoto siku tatu mfululizo.

Udongo, bembelezi, punda. Lengai aliyageuza hayo kichwani akiwa machungani, na kila alipoyageuza yalimtisha zaidi. Mwaka huo watu wa Kakesio, kijiji chao ndani ya hifadhi ya Ngorongoro, walikuwa wakiulizana nani atahamishwa na nani atabaki. Ofisa mmoja alishuka kwenye gari mbele ya boma lao, akatazama huku na huku, akasema familia hii imekuja juzi tu. Kama inabisha, ilete ushahidi. Ushahidi gani? Babu hakuacha karatasi. Aliacha ng'ombe.

Basi Lengai akajipangia mwenyewe. Wa udongo anatafuta madini. Wa nyimbo anatafuta visima, maana bembelezi za kwao hutaja visima kwa majina. Wa punda anahesabu mifugo kwa ujanja. Na yuko mtu mahali fulani anayeyaunganisha yote.

Kilichomuuma ni mama yake. Ndiye aliyewapeleka zizini, ndiye aliyeimba, ndiye aliyewachemshia chai. Alikuwa amebadilika tangu arudi kutoka Karatu alikokwenda kutibiwa macho. Kule alikaa wiki sita kwa Lukresia, mwenye nyumba ya wageni wanakofikia wasomi kabla ya kupanda Ngorongoro. Siku hizi alipenda wageni, na kwa darasa lake la nne la zamani alisoma kila kilichoandikwa, hata chupa za dawa ya kupe.

“Yeyo,” alimwita mama yake jioni ile kwa sauti ya chini, “hawa watu wanakutumia.”

“Ni wageni wangu,” Ngoyai akajibu. “Wewe angalia ng'ombe.”

Lengai hakubishana. Mama habishiwi. Lakini usingizi ulimpungua, na akianza kuzungumza na wenzake kisimani aliona haya kusema kwamba aliyefungua mlango ni mama yake mzazi.

Siku ya mnada alikwenda Karatu kununua dawa ya ndama. Alipopita mbele ya nyumba ya wageni ya Lukresia, alisimama ghafla. Barazani, kwenye meza moja, walikaa wote watatu. Josephati, Laurencia, Tluway. Katikati yao ilitandazwa ramani, na kwenye ramani palikuwa na duara jekundu. Hakuhitaji kusomewa. Aliijua ile kona ya korongo, na kile kilima: ni boma lao.

Aliingia, akavuta kiti bila kukaribishwa, akalaza fimbo yake juu ya ramani. Lukresia, aliyekuwa akifuta meza ya pili, alimwamkia, kisha akatazama pembeni.

“Nani amewatuma?” Lengai aliuliza.

Alitarajia kuona watu waliofumaniwa, lakini nyuso zao zilikuwa na woga kama wa kwake. Laurencia alieleza. Walikuwa wamekutana asubuhi hiyo, wakati wa kunywa chai. Kabla ya hapo hawakuwa wakijuana kabisa, kwa kuwa mtu wa udongo na mtu wa nyimbo hawana njia ya kukutana chuoni. Katika mazungumzo wakagundua kwamba kila mmoja aliitwa Kakesio na mtu mmoja, anayejiita Mratibu.

Mratibu alijua kila mmoja anatafuta nini. Josephati aliambiwa kuna zizi lenye samadi ya marika sita, tabaka juu ya tabaka. Laurencia aliambiwa kuna bembelezi inayotaja visima kwa kufuata nani alichimba kipi kwanza. Tluway aliambiwa kuna punda ambao ukoo wao haujawahi kuchanganywa na wa kununua.

“Na yote yalikuwa kweli,” Josephati alisema.

“Hapokei simu,” Tluway akaongeza. “Hujibu kwa ujumbe tu. Hataki hela. Anataka nakala moja ya matokeo ya kila mmoja wetu, yenye saini na muhuri wa chuo.”

“Za kazi gani?”

“Ndilo tunaloulizana. Wiki ijayo amemwita na wa nne, mtaalamu wa makaburi.” Tluway akamtazama. “Tulidhani labda Mratibu ni wewe.”

Makaburi. Lengai akaliona lile rundo la mawe alipolala babu, na mtu asiyemjua akilizunguka na kamba ya kupimia. Alitoa simu yake mfukoni, akasema anaitaka namba ya huyo Mratibu, sasa hivi, na atampigia mbele yao hadi apokee.

Josephati alimsomea taratibu. Lengai akabonyeza, tarakimu moja baada ya nyingine.

Zilipobaki mbili, simu ilizimalizia yenyewe na kuleta jina: Yeyo.