Kahawa ya Jana

Atupele alikuwa ameshaandika herufi mbili za jina lake kwenye mkataba simu yake ilipoita.

"Samahani, bosi," alimwambia wakala wa forodha aliyeketi ng'ambo ya meza. Dirishani malori yalikuwa yamepangana hadi mpakani. Mshahara wa ofisi hii ulikuwa mara tatu ya ule wa kituo cha kuosha kahawa kule Mbozi. Ungetosha kuezeka nyumba ya mama yake kabla ya mvua.

Aliyepiga ni mwenzake wa zamu huko kituoni. "Dada, kahawa ya jana tuioshe? Huku tunabishana."

"Chota kiganjani, uisugue karibu na simu."

Akafumba macho, akasikiliza. Kahawa iliyomenywa, ikavundikwa hadi utelezi wake ukaisha, hulia kama changarawe ukiisugua. Hii ilikuwa inateleza tu, kama sabuni.

"Bado," alisema. "Mkiosha sasa mmeiharibu. Ipeni masaa matatu."

"Sawa. Kwani uko wapi?"

Alikata simu. Alipofumbua macho, aliviona vidole vya mkono wake wa kulia vikisugua hewa, vyenyewe, polepole. Kalamu ilikuwa imeshaanguka sakafuni.

Bosi aliinama akaiokota, akamrudishia. "Mwanangu, huko si wanakulipa nusu ya mshahara huu?"

"Theluthi, bosi," Atupele alisema, akailaza kalamu juu ya zile herufi mbili.

Akatazama saa ya ukutani. Akipata gari la Mlowo, kule Mbozi, sasa hivi, ataikuta kahawa haijaoshwa.