Mwanamke wa Kwenye Miwani

Octave alimwacha tena yule mwanamke afe.

Alikuwa amesimama katikati ya chumba, miwani mikubwa ya mafunzo imemfunika nusu ya uso, mikono ikipapasa hewa. Wenzake walifuata kila kitu kwenye kompyuta: soko limejaa watu, mwanamke ameanguka kando ya meza ya vitenge, moyo umesimama. Kazi ilikuwa nyepesi. Fungua blauzi, bandika vibandiko kifuani, waambie watu wasimguse, bonyeza kitufe. Octave aliiwasha mashine ya kushtua moyo vizuri kabisa, akainama, kisha akageuza uso. Akanyoosha mkono mezani, akachukua kitenge, akamfunika mwanamke kuanzia shingoni hadi miguuni.

Meza ile ilikuwa pambo tu. Hakuna mwanafunzi aliyewahi kuigusa.

Darasa likaangua kicheko. Mama Victorine, mwalimu wao, alisonya.

"Kwenu kule Wamaza wanawake wanakufa na nguo zote?"

"Unisamehe, mama," Octave akasema, macho chini.

Victorine aliwajua watu wa namna hii. Huyu muuguzi alifika Kasongo kwa pikipiki, tope hadi magotini, na tangu siku ya kwanza alionyesha kwamba pori lilikuwa bado ndani yake. Hakumpa mkono wa salamu. Wakikutana uani, aliacha njia akasimama majanini mpaka mwalimu apite. Wengine wakikaa kula naye, Octave alibeba sahani yake hadi nyuma ya jengo. Kama kilikuwa kiburi au ushamba, Victorine hakujali. Vyote vilimchefua sawasawa.

Kilichomuuma zaidi ni kwamba mwanamke wa kwenye miwani alikuwa na sura yake. Mgonjwa wa kwanza alikuwa mzungu mwenye kitambi, asiyefanana na mtu yeyote wa Kasongo, basi watu wa mradi wa mafunzo wakampiga Victorine picha pande zote na kumpa mgonjwa mpya sura hiyo. Mwili ulikuwa wa kubuni, lakini uso, hata alama ya shavuni, ulikuwa wake. Jambo hilo alikwisha kulisimulia hadi kanisani. Na huyu Octave, aliyemwamsha mzungu upesi kuliko wote, kwa Victorine aligeuza uso.

Siku ya mtihani akampa nafasi ya mwisho. Aliyefaulu angerudi kwao na mashine ya kweli, na kituo cha afya cha kina Octave hakikuwa na mtu mwingine darasani. Octave alivaa miwani, akamwona mwanamke anaanguka, akaivua palepale.

"Kama iko mwanamuke mwingine, mama, nitafanya. Hata sasa hivi."

"Mwingine? Huyu iko na kosa gani?"

"Hana kosa."

"Basi muvue."

"Sitaweza, mama."

Victorine alimpandisha na kumshusha kwa macho. "Na siku nikianguka mimi, kweli kweli?"

Octave alifuta jasho. "Nitaomba Mungu iwe mbele ya mutu mwingine."

 Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, Victorine aliwaza, na akaamua kwamba ulimwengu wenyewe ni yeye. Akamwangusha mtihani mbele ya wote, akaagiza mashine ya Wamaza ipelekwe kituo cha Nyangwe. Octave alishukuru kwa sauti ndogo, akaenda kufunga mfuko wake.

Nyumbani Victorine alimkuta binti yake Naomie, aliyekuwa mwalimu wa shule ya msingi huko Wamaza, anachambua mchele wa wageni. Kesho yake ukoo wa mchumba ungekuja kujitambulisha. Juu ya mchumba mwenyewe Victorine hakujua mengi, wala hakuuliza, kwa sababu mtu haonyeshwi kwa mama mkwe kabla ya siku yake. Naomie alisema tu kwamba ni mwenye heshima kupita wote aliowahi kuwaona. Victorine aliwaza lazima awe prefe, mkuu wa shule kubwa.

"Watu wa Wamaza wamefaulu, mama?"

"Wa Wamaza nimewarudisha kwao porini."

Naomie aliacha mchele, akamtazama mama yake. Kisha akaendelea kuchambua.

Wageni walifika na mbuzi, kuku na bidoni ya mafuta ya mawese. Walikaa wamebanana kwenye viti, wamenyamaza kama ilivyo ada. Victorine aliona awachangamshe.

"Darasani nilikuwa na mwanafunzi mumoja mupumbavu sana," akasema. "Kila akiona sura yangu mule ndani ya miwani, anaifunika na kitenge. Hata kula na mimi hataki, anakimbia na sahani."

Akacheka peke yake. Mzee Zakaria, baba mkubwa wa mchumba, alitazama mikono yake.

"Na angekuvua, mama, leo ungemuita nani?"

"Munganga wa hospitali," Victorine akajibu. "Sasa ni bure."

 Mzee akampa Naomie ishara amlete mtu wake, maana ndiyo kazi ya binti siku hiyo. Naomie alitoka, akaenda hadi nyuma ya nyumba, mahali alipokaa kijana mmoja tangu asubuhi, ameipa nyumba mgongo.

Akaingia naye amemshika mkono. Octave alipiga magoti mlangoni, na bila kuinua macho, akaweka kitenge kipya miguuni pa mama mkwe wake.