Chupa Juu ya Chasi

Moto wa kuchomea ulikuwa umeshawashwa Asumini alipoona maziwa yamelala upande.

Ilikuwa chupa ya mtoto wake. Alikuwa ameilaza juu ya chasi ya lori bila kufikiri, na sasa maziwa yote yamekimbilia mbele.

 Hii ndiyo injini ya kwanza aliyoaminiwa kuifunga, na ameipima kwa pimamaji akasahau kwamba hapa Muhumba kila uwanja unashuka ziwani. Injini, ikining'inia kwenye mnyororo, ilikuwa imelala sawa. Lori ndilo lililoinama. Ikichomewa hivyo kwenye chasi, shafti inayozungusha magurudumu ya nyuma itatetemeka hadi ikatike kabla lori halijafika Kamituga.

"Simama kwanza, tonton," akamwambia mchomeaji mzee. "Nilikosea."

"Sasa maman unapima motere na biberon?" mzee akauliza, akiiangalia chupa.

"Hii inasema kweli kukupita."

Tonton akacheka, lakini akazima moto.

Asumini akachora chaki kwenye chupa pale maziwa yalipoishia. Akaihamishia juu ya injini, akalegeza mnyororo polepole, mbele ya injini ikashuka unywele kwa unywele mpaka maziwa yakagusa mstari.

"Choma."

Walipomaliza, wakayainua magurudumu ya nyuma, dereva wa lori akawasha injini na kuingiza gia. Shafti ikazunguka mpaka macho yakashindwa kuifuata. Asumini akairudisha chupa juu ya chasi.

Maziwa yalicheza kidogo kwa mngurumo, kisha yakatulia.

Tonton akasogea. Akaichukua chupa, akaifuta grisi kwa shati lake.

"Mupatie mutoto maziwa yake, fundi," akasema.