Mdudu wa Miguu Arobaini

Alhamisi hiyo Waiyego alimuuzia Mwalimu Kipyego kipande kibovu, na alijua ni kibovu.

"Hiki sasa hakitakusumbua, Mwalimu," alisema, uso mtakatifu kama wa mama wa kanisa anayepokea sadaka.

Usimhukumu upesi. Waiyego, ambaye watu walimwita Mama Nduta kwa jina la bintiye, alikuwa mjane wa miaka sitini na minne, fundi wa redio na televisheni kwenye kibanda kando ya soko la Eldoret. Vidole vyake vilijaa makovu ya kuchomelea waya tangu ujana. Mwalimu alikuwa mstaafu wa hesabu kutoka mji jirani wa Turbo, naye amefiwa na mkewe. Mzee wa kofia safi na kicheko kisicho na haraka.

Mwezi wa pili alikuwa amesimama kibandani, akaona prosesa ya zamani, mdudu mweusi wa miguu arobaini. Akauliza, "Hiki nacho ni nini?" Waiyego akamweleza kwamba hiyo ndiyo iliyokuwa akili ya kompyuta za miaka ya themanini, na kwamba mtu mvumilivu anaweza kuitafutia kumbukumbu, kibodi na televisheni kuukuu, akajijengea kompyuta yake kwa mkono. Alieleza mpaka chai ikapoa. Mwalimu akasema basi, ataijenga.

Tangu hapo alikuja kila Alhamisi kununua kipande kimoja, kisha akakaa kwenye stuli hadi saa tisa, wakipiga gumzo. Shida ilikuwa moja: kompyuta ina mwisho. Siku ikiwaka, Mwalimu atarudi kufanya nini? Waiyego aliipiga hesabu hiyo mara tatu, na mara zote tatu jibu halikumpendeza. Ndipo alipoanza kuchovya mkono kwenye kopo la vibovu.

Nabwire, muuza chapati wa kibanda cha pili, alikuwa ameshamnasa.

"Mama Nduta, huyo mzee wa watu utamuuzia maiti mpaka lini?"

"Nyamaza, geuza chapati zako."

"Ataenda kwa wale vijana wa ng'ambo ya barabara. Wako na kila kitu, na wanakupimia kila kipande ukiona."

"Hawana stuli."

"Ati stuli!" Nabwire alicheka hadi unga ukamwagika. "Na vile ako na mikono laini kama ya askofu! Wewe mpoteze tu. Mimi niko na maharagwe ya kumpikia."

Jumatatu Waiyego alifungua lile kopo, akachungulia. Kidude kibovu cha mapigo, kile kinachoipigia prosesa mdundo kama moyo, kilikuwa bado mle ndani. Kumbe Alhamisi alikosea, akampa Mwalimu kile kizima!

Basi imewaka. Imekwisha.

Alhamisi ilipofika alipangusa stuli kwa mazoea tu, akaketi kutazama barabara kama mtu anayengoja majibu ya daktari. Saa tano kamili, kofia ikatokea.

"Mama Nduta, imekataa tena."

"Imekataa?" Waiyego nusura aimbe. "Haikupiga hata mdundo?"

"Kimya. Kama darasa likimwona inspekta."

"Labda uliichoma kwa moto mwingi."

"Eeh," Mwalimu alidakia upesi. "Hiyo ndiyo. Moto ulikuwa mwingi."

Furaha ya Waiyego ilidumu siku mbili. Jumapili pasta alihubiri juu ya mizani ya hila, na Waiyego akaona ni kama anasomewa jina lake mbele ya waumini wote. Miezi saba mzee wa watu anajifungia nyumbani na moshi wa kuchomelea, anajilaumu kwa makosa yasiyo yake, kisa na maana ni bibi mmoja mpenda maongezi! Hapana. Afadhali Alhamisi tupu kuliko Alhamisi ya wizi.

"Mwalimu," alimwambia walipoonana, bila kumtazama, "wiki ijayo usije. Nitakuja mimi Turbo na vyombo vyangu. Itawaka siku hiyohiyo."

Mwalimu alivua kofia, akaivaa, akaivua tena. "Aah, ya nini haraka, Mama? Kwanza nyumba ni vumbi tupu. Halafu mahindi yamejaa sebuleni."

"Nitayaruka."

"Na mbwa ni mkali."

"Nitamletea chapati za Nabwire. Akizimaliza atakuwa amechoka kubweka."

Akaenda. Kikapuni alikuwa na vipande vizima, seti nzima, na kichwani maneno ya kuungama aliyoyapanga njia yote. Sebule ilikuwa imefagiwa, hakuna punje ya mahindi. Mbwa alikuwa mzee kuliko wote wawili. Chai ilimngoja kwenye vikombe vya wageni, na juu ya meza kubwa kulikuwa na kitu kimefunikwa kwa kitambaa cha kufuma.

"Kabla sijagusa mashine yako, Mwalimu, nina neno la kukwambia," Waiyego alianza. "Neno baya."

"Mimi nina baya zaidi," Mwalimu alisema. "Funua kwanza."

Waiyego akavuta kitambaa. Vipande vyote vya miezi saba vilikuwa pale, vizima kwa vibovu, vimepangwa mistari kama watoto wa gwaride, kila kimoja bado ndani ya gazeti alilokifungia yeye mwenyewe, hakijawahi kufunguliwa.

Mwalimu alikohoa, macho yake sakafuni.

"Ile siku ya kwanza, Mama Nduta, mimi nilikuwa nimekuja kununua betri ya tochi tu."